Nusu Iliyo Koponi na Nusu Iliyo Chunguni

Novemba iliyopita jirani yangu wa Ilazo, hapa Dodoma, alinionyesha kopo jipya la vidonge. Alikuwa amelinunua kwa shilingi 70,000, kwa ajili ya mtoto wake anayesumbuliwa na tumbo. Kopo lilitangaza mabilioni ya "bakteria rafiki" katika kila kidonge, na pembeni, kwa herufi ndogo, liliagiza lihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25. Nilimuuliza dukani lilikuwa limekaa wapi. Akasema dirishani, limepangwa na mengine mengi, jua la mchana likiyapiga.

Anayeijua Dodoma ya Novemba anajua maana yake. Joto la mchana linapita nyuzi 30 hata kivulini, sembuse nyuma ya kioo. Bakteria wa aina hii wanahesabiwa kuwa na faida wakiwa hai tu. Tafsiri iliyokubaliwa mwaka 2001 na wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inasema probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, vinamletea manufaa kiafya anayevipokea. Kuna masharti matatu hapo: uhai, kiasi, na manufaa yaliyothibitishwa. Kopo lililokaa juani haliwezi kuahidi hata sharti la kwanza.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa stoo. Mama yake jirani alikuwa amekuja kutoka Mvumi wiki mbili kabla kumwona mjukuu, akaja na kifuko cha unga wa kimea, yaani mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, uwele kilo chache, na mlenda mkavu uliotwangwa. Kifuko kilikuwa bado kimefungwa kwa kamba ileile aliyokuja nayo. "Watoto wa mjini hawali hivi," jirani aliniambia. Simlaumu. Ametangaziwa vidonge kila siku kwenye simu, na hakuna aliyewahi kumtangazia kimea.

Hoja yangu ni hii: viambata vya mimea na bakteria wa tumboni tunauziwa kama bidhaa mbili, kila moja na kopo lake, wakati mwilini ni kazi moja. Mmoja asipokuwepo, mwenzake hana la kufanya. Na jiko la katikati ya nchi, la uwele, mtama, mlenda, ubuyu na maziwa ya mgando, liliwaunganisha wawili hao zamani sana. Tunalivunja jiko hilo, kisha tunanunua vipande vyake kwa bei kubwa.

Tuanze na mmea. Rangi nyekundu ya mtama, ugwadu wa ubuyu, ukakasi wa ganda la zabibu, vyote vinatokana na kemikali ambazo mmea unajitengenezea kwa ajili yake wenyewe: kujikinga na jua, ukungu, wadudu na ndege. Kundi kubwa kati yake huitwa polifenoli. Mtu akila, sehemu ndogo tu hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sehemu kubwa hushuka hadi utumbo mpana ikiwa nzima, na huko hukutana na bakteria, ambao huivunja kuwa molekuli ndogo ambazo mwili unaweza kuzipokea. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kula bakuli lilelile la mtama, mmoja akanufaika kuliko mwenzake, kwa sababu bakteria wao si wamoja.

Nyuzinyuzi nazo ni hivyohivyo. Ule mvutano wa mlenda, ambao wageni wa Dodoma huucheka siku ya kwanza na kuutafuta siku ya kumi, ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Kwanza hupunguza kasi ya sukari ya ugali kuingia kwenye damu. Kisha hushuka chini na kuwa chakula cha bakteria, nao huzigeuza kuwa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo nishati kuu ya chembe hai zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Chembe hizo haziishi kwa kusubiri lishe ya damu peke yake. Hulishwa na wapangaji wao. Ukila sembe nyeupe, nyama choma na soda wiki nzima, umejishibisha wewe na kuwaacha wao na njaa.

Sasa tuje kwenye kimea, maana hapo ndipo utaalamu wa bibi zetu unaponishangaza kila ninapousoma upya.

Uwele na mtama ni nafaka zenye madini chuma na zinki, lakini madini hayo yamefungwa. Yanashikwa na kitu kiitwacho fitati, na kwenye mtama mwekundu yanashikwa pia na tanini, zilezile zinazowafanya kweleakwelea waupite mtama huo na kwenda kwa jirani mwenye mweupe. Mtoto anaweza kula ugali wa mtama na bado akapungukiwa damu. Namna ya kufungua kufuli hilo ni kuotesha na kuchachusha. Mbegu inapolowekwa na kuanza kuchipua, inaamsha vimeng'enya vyake: kimoja hukata fitati, kingine, amilesi, hukata wanga. Ndiyo maana kijiko cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito ulio vuguvugu, uji hulegea mbele ya macho yako bila kuongezwa maji. Mtoto mwenye tumbo dogo anakunywa unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, jambo hili si dogo hata kidogo.

Uji huo ukiachwa hadi kesho yake, bakteria wa asidi ya maziwa huingia kazini, nao unakuwa togwa. Ugwadu wake ni kinga. Vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustahimili uchachu huo, na kwa nyumba isiyo na friji na yenye maji ya kununua kwa ndoo, hiyo ndiyo njia ya kuhifadhi uji wa mtoto. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Sweden walilipima jambo hili. Walilinganisha watoto waliozoea uji uliochachushwa na wale waliokunywa uji wa kawaida, wakakuta wa kwanza waliharisha mara chache zaidi. Katika utafiti mwingine wa muongo huohuo, watoto walipewa togwa kila siku kwa takribani wiki mbili, na idadi ya waliokutwa na vijidudu vya kuharisha ikashuka. Kwa waliopewa uji usiochachushwa badiliko la namna hiyo halikuonekana. Mwaka 2003 watafiti walichapisha majina ya bakteria waliowakuta ndani ya togwa, mmojawapo akiwa plantarum wa ukoo wa laktobasili, jina ambalo ukisoma makopo mengi ya vidonge utalikuta.

Nisieleweke vibaya hapo. Jina la spishi si jina la mtu. Ndani ya plantarum kuna aina nyingi, na aina iliyothibitishwa hospitalini si lazima iwe ileile iliyo kwenye mtungi wako. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Odisha nchini India, lililoingiza zaidi ya watoto wachanga 4,500: nusu walipewa, kwa wiki moja, plantarum mmoja mahususi pamoja na sukari ya mmea inayomlisha bakteria huyo. Maambukizi makali ya damu na vifo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 40. Angalia kilichotolewa: bakteria na chakula chake cha mmea, pamoja. Mwaka uliofuata yalichapishwa majaribio mawili makubwa, moja la Marekani na jingine la Canada, yaliyowapa watoto wenye kuharisha bakteria wa kopo, wanaouzwa sana duniani, bila mmea wowote. Hawakupona haraka kuliko waliopewa unga usio na kitu. Sisemi mmea peke yake ndio uliofanya tofauti. Watoto, ugonjwa na bakteria wenyewe walikuwa tofauti. Ninachosema ni kwamba neno "probayotiki" peke yake halitoshi kuwa sababu ya kutoa shilingi 70,000. Mtoto akiharisha, ORS na zinki ndivyo vya kwanza, na kituo cha afya ndicho cha pili.

Ushahidi wa karibuni unaonigusa zaidi unatoka hapahapa nchini, kaskazini mwetu. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliokuwa wakila chakula cha asili cha kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kimagharibi. Wa mjini wakahamishiwa kwenye chakula cha asili. Na kundi la tatu likanywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Wiki mbili tu! Waliohamia chakula cha kimagharibi, damu yao ilionyesha ongezeko la dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, na chembe zao za kinga zikawa legevu mbele ya vijidudu. Waliohamia chakula cha asili, na waliokunywa mbege, dalili hizo zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalibaki wiki nne baadaye. Nikasema moyoni: mbege ni ndizi na ulezi vilivyopita mikononi mwa vijidudu, na sisi huku tuna mtama na uwele vinavyopita mikono hiyohiyo.

Na kuna Hadzabe. Wengi wetu tunawafahamu kama kivutio cha watalii kando ya Ziwa Eyasi, tukisahau kwamba baadhi yao ni wananchi wa Munguli, wilayani Mkalama, mkoani Singida. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa tumboni mwa Hadzabe na wa Waitalia wa Bologna. Hadzabe walikuwa na utajiri mkubwa zaidi wa aina za bakteria, tunda la chakula cha mizizi, matunda pori, asali, nyama na ubuyu. Lakini jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba hawakuwa na bifido, bakteria ambaye makopo yote humsifu kama rafiki mkuu wa binadamu. Hawafugi ng'ombe, na watu wazima hawanywi maziwa. Miili yao ina mpangilio wake, unaolingana na chakula chao. Ukweli huo unanifanya niwe mgumu kwa yeyote anayedai kidonge kimoja kinamfaa kila mtu kuanzia Bologna hadi Bahi.

Nimetetea vya asili kwa kirefu. Lazima niseme na upande wa pili, tena kwa ukali, kwa sababu mkoa huu umewahi kuulipia.

Mwaka 2016 familia katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo za Chemba na Kondoa, zilianza kupata macho ya manjano, matumbo kuvimba na kutapika. Ilikuwa sumukuvu ndani ya mahindi. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 wakafariki. Sumu ile haikutoka kiwandani; ilitengenezwa na kuvu, kiumbe wa asili, juu ya nafaka ya asili, ndani ya nyumba za watu waliokula walichovuna. Uwele nao una kiambata chake cha flavonoidi, hasa kwenye pumba, ambacho huisumbua tezi ya shingo; huko Darfur, Sudan, wanasayansi walikihusisha na rovu kwa watu walioutegemea uwele karibu peke yake. Ndiyo maana mla uwele hapaswi kudharau chumvi yenye madini joto. Chipukizi la mtama wenyewe hubeba chembe za sumu ya sayanidi, na bibi zetu walijua kukikausha kimea vizuri na kukifikicha ili vichipukizi na vijizizi vidondoke kabla ya kusaga. Anayetengeneza kimea leo na kuruka hatua hiyo, ameacha nusu ya elimu.

Mmea haukuumbwa kuwa daktari wetu. Una kemikali, na kemikali ina kiwango. Profesa Tu Youyou wa China alipata Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa artemisinini kwenye mmea na kuipima hadi ikawa dawa ya malaria inayookoa mamilioni, ilhali WHO hadi leo haikubali majani yaleyale yanywewe kama chai ya kutibu malaria, kwa sababu kiasi chake hakitabiriki. Tuliokuwa watu wazima mwaka 2011 tunakumbuka misururu ya magari kuelekea Loliondo, kikombe kimoja cha dawa ya miti shilingi 500, na wagonjwa walioacha dawa zao njiani. Sitaki kuiona Dodoma ikipanga foleni ya namna hiyo kwa ajili ya mlonge au vidonge vya bakteria.

Kuhusu zabibu nitasema kwa kifupi, maana hapa mjini ni habari ya heshima. Ganda na mbegu za zabibu zetu za Makutupora, Hombolo na Bihawana zina polifenoli nyingi, na zabibu kuliwa nzima ni jambo jema. Lakini simulizi kwamba mvinyo ni dawa ya moyo kwa sababu ya resveratroli, mojawapo ya polifenoli hizo, halisimami. Kiasi walichopewa panya wa maabara kingemtaka mtu anywe mamia ya lita kwa siku, na Januari 2023 WHO ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mkulima wa zabibu anastahili soko bila kusaidiwa na uongo.

Turudi jikoni. Tunapopotezea faida ni pale tunapodhani bado tunakula vya asili. Ubuyu wetu, ambao Umoja wa Ulaya uliuruhusu rasmi kuwa chakula mwaka 2008 na ambao kwa uzito uleule una vitamini C kupita chungwa mara kadhaa, tunauchemsha hadi vitamini hiyo inakufa, kisha tunaumiminia sukari na rangi nyekundu. Mlenda tunauanika juu ya bati jua kali, na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inaungua. Kivulini hubaki nyingi zaidi, na karanga zilizotwangwa ndani yake huusaidia mwili kuipokea, kwa kuwa karotini husafiri na mafuta. Maziwa ya mgando wengine wanayatengeneza bado kutoka maziwa mabichi, kwa imani kwamba uchachu utaua kila kitu. Hauui. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kubaki. Chemsha kwanza, acha yapoe hadi kidole kistahimili, ndipo utie kijiko cha mgando wa jana. Bakteria wema wataingia kwa kijiko hicho. Wabaya wamebaki kwenye moto.

Na antibayotiki! Mtu anakohoa siku mbili, anakwenda duka la dawa, anataja jina la dawa kama anayeagiza sukari, anapewa nusu dozi. Ile nusu dozi inaua bakteria wa tumboni wasio na hatia na kuwaacha hai walio sugu. Wapo wanaokimbilia vidonge vya probayotiki baadaye ili "kurudisha". Mwaka 2018 watafiti wa Israel walionyesha kwamba kwa watu waliofuatiliwa, vidonge hivyo baada ya antibayotiki vilichelewesha kurejea kwa bakteria wao wenyewe. Njia nyepesi ni kutozitumia dawa hizo bila kipimo na cheti.

Jirani yangu tulikaa naye Jumamosi moja. Tulikifungua kifuko cha Mvumi, tukampigia mama yake simu, tukamsalimia "Mbukwa" kwa Kigogo, naye akatuelekeza hatua kwa hatua, akisisitiza uji upoe kabla ya kutia kimea, maana moto unakiua. Sayansi ya vimeng'enya inasema hilohilo. Mtoto alikunywa vikombe viwili. Sitasema alipona, kwa sababu sikupima chochote na tumbo la mtoto lina sababu nyingi. Alipelekwa kliniki Jumatatu, kama inavyotakiwa.

Ninachotaka kipo mikononi mwa watu wanaofanya kazi umbali wa daladala moja kutoka hapa. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania: akina mama wanaouza togwa na unga wa kimea kwenye masoko ya Majengo na Sabasaba wapewe kiwango rahisi wanachoweza kukifikia, cha usafi, ukavu na kifungashio, badala ya kusubiriwa wakosee ili watozwe faini. Kwenye kliniki ya mama na mtoto, pale mama anapofundishwa uji wa lishe, afundishwe na kijiko cha kimea. Uji wa shule za msingi za Dodoma na Singida urudi kwenye uwele na mtama, uchachushwe usiku na kuchemshwa asubuhi kwa muda mfupi palipo na shaka ya maji. Bakteria watakufa, ndiyo, lakini fitati itakuwa imeshakatwa. Vyuo vyetu vichukue bakteria wa mgando na togwa za kanda hii na kuwapima kwa wagonjwa kwa utaratibu uleule wa Odisha. Na kabla mtama haujalowekwa kwa kimea, gunia likaguliwe kuvu na nafaka ipimwe sumukuvu, ili Chemba na Kondoa zisihesabu tena majeneza kama ya 2016.